Kabla ya marumaru, sakafu ikauke

Katika nyumba nyingi zinazojengwa Shinyanga, Kahama na Geita, marumaru ndiyo kazi ya mwisho kabla ya familia kuhamia. Kodi ya nyumba ya kupanga inaisha, shule zinakaribia kufunguliwa, na watoto kila siku wanauliza, "Baba, tunahamia lini?" Basi sakafu iliyomwagwa juzi inabandikwa marumaru wiki hii. Inapendeza kwa miezi michache. Kisha mtoto anakimbia sebuleni na kipande kimoja kinalia kama debe tupu. Baada ya muda kinabanduka, kona inavunjika, na ncha yake inakata miguu ya mtoto anayetambaa.

Lawama huangukia marumaru kwamba ni feki, lakini mara nyingi ugonjwa uko chini yake. Sakafu ya saruji humwagiliwa maji kwa siku 7 hivi ili ikomae, na nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Kukauka ni jambo jingine, na huchukua muda zaidi. Kanuni ya wajenzi ni kwamba sakafu hukauka kwa milimita 1 kwa siku, hali ya hewa ikiwa nzuri. Kwa hiyo sakafu ya sentimita 5 inahitaji siku 50 hivi, na wakati wa mvua huhitaji zaidi. Inapokauka husinyaa, ilhali marumaru haisinyai. Vikivutana, gundi ndiyo inayoachia.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mzazi achukue nailoni angavu ya upana wa nusu mita, aibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kisha aiache usiku na mchana. Ikitoa matone kwa ndani, au sakafu chini yake ikageuka rangi na kuwa nyeusi zaidi, kazi isubiri.

Ufa uulizwe kwanza

Shinyanga ina mbuga nyingi za udongo mweusi wa mfinyanzi. Mkulima wa pamba au mpunga anaujua: masika unavimba na kunata, kiangazi unapasuka hadi mguu unazama. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupanda na kushuka pamoja nao. Ufa wa sakafu unaopanuka kiangazi na kujifunga masika ni dalili kwamba ardhi inacheza, na marumaru ikibandikwa juu yake itapasuka kwa kufuata mstari ule ule. Hapa ndipo ule usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta unapokuwa hesabu ya fedha. Maji ya paa yakingwe kwa mabomba na kupelekwa kwenye tangi au mtaro, yasituame kwenye msingi. Ufa uangaliwe walau kwa msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua kabla ya kununua hata boksi moja.

Jipsamu ibaki darini

Dari za jipsamu zimeenea mijini, na unga wake hubaki. Si ajabu kumwona kibarua akiutumia kuziba mashimo ya sakafu ili marumaru ikae sawa. Ni kosa. Jipsamu hulainika ikipata unyevu, na ikikutana na saruji mbichi yenye maji hutengeneza fuwele ndogo zinazovimba na kuisukuma marumaru juu. Atakayesema kwamba saruji yenyewe ina jipsamu hajakosea, lakini kiwandani huwekwa kidogo tu, ili saruji isigande haraka. Marekani, kwenye maghorofa ya mbao, sakafu nzima humwagwa kwa jipsamu ili kupunguza kelele kati ya wapangaji. Huko mafundi hungoja ikauke kabisa, kisha huipaka dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya gundi kuigusa. Kwa sakafu ya Ngokolo au Nyankumbu, mashimo yazibwe kwa saruji na mchanga safi.

Sakafu ya zamani iliyopigwa niru nayo ina mtego wake. Ule utelezi unaong'aa haushiki gundi. Igongwe kwa patasi na nyundo hadi iwe na mikwaruzo, ifagiliwe, isiwe na vumbi, mafuta wala nta.

Siku ya kazi

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kukagua. Gundi itandazwe kwa mwiko wa meno na ienee chini ya kipande chote. Kuweka madonge matano, moja katikati na manne pembeni, huacha mashimo, na sufuria ikidondoka juu ya shimo kipande kinapasuka. Fundi aombwe kukibandua kimoja kabla hakijashika, wote waone. Kati ya vipande ibaki nafasi ya grauti, na kando ya ukuta ibaki nafasi ndogo ya kupumulia. Bafuni na barazani zichaguliwe marumaru zisizoteleza, na sakafu ya bafu iteremkie kwenye tundu la maji.

Watoto wakae mbali. Saruji mbichi inaunguza ngozi na macho. Grenda inayokata marumaru kavu hutoa vumbi laini la silika, lile lile linaloharibu mapafu ya wanaosaga mawe ya dhahabu. Mashine ya kukata kwa mkono hutoa vumbi kidogo zaidi. Panapolazimu grenda, ikatiwe nje, fundi avae barakoa ya vumbi, na nguo zake zisichanganywe na za mtoto.

Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya kugonga kila kipande kwa sarafu. Kinacholia tupu kirudiwe.

Na kama siku hazitoshi, familia inaweza kuhamia kwenye sakafu ya saruji iliyo safi na imara, kisha ikaweka marumaru chumba kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana. Watoto watalala pazuri vilevile, na sakafu itapata muda wa kukauka.