Magugu ya Bwawani na Papara ya Sumu

Aghalabu mwenye bwawa la samaki akikuta maji yamefunikwa na magugu, fikra ya kwanza impatayo ni kutafuta dawa ya kuyaua. Fikra hiyo yaeleweka, kwani magugu hunasa nyavu, huwapa maficho konokono waenezao kichocho, na huwabana samaki. Hata hivyo, sayansi haiiungi mkono. Magugu yaliyosongamana ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni wingi wa rutuba majini.

Mimea ya majini, kama mahindi ya shambani, huhitaji naitrojeni na fosforasi. Virutubisho hivyo huingia bwawani kwa njia nyingi: samadi iliyozidi kiasi, chakula cha samaki kisicholiwa, mbolea isombwayo na mvua kutoka mashambani, na maji machafu ya mabanda ya mifugo. Mahali penye kina kifupi, ambapo mwanga hufika hadi chini, mimea yenye mizizi hustawi upesi zaidi.

Na itazamwe sasa kazi ya sumu. Mrututu, ambao wakulima wengi wa kahawa waufahamu, huua mwani. Lakini shaba iliyomo huweza kuua samaki pia. Hata sumu isiyowadhuru samaki moja kwa moja ina hatari yake. Magugu yanapokufa yote kwa pamoja, bakteria huyaozesha, na katika kuyaozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Usiku hakuna mwanga, hivyo hakuna mmea unaozalisha oksijeni mpya. Alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji, na kukipambazuka huelea wamekufa. Virutubisho vilivyokuwa ndani ya magugu navyo hurudi majini kulisha kizazi kipya. Mwenye bwawa hupoteza samaki na fedha, na magugu hubaki nayo.

Ziwa Viktoria latoa funzo lilo hilo kwa kipimo kikubwa. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilienea humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 waliachiliwa fukusi walao mmea huo, na kufikia mwisho wa muongo huo lilikuwa limepungua sana, ingawa baadhi ya wataalamu huona kuwa mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilichangia. Lakini baadaye gugu lilichipuka tena katika ghuba kadhaa, kwa sababu mbegu zake hudumu miaka mingi katika tope, na rutuba iliendelea kumiminika kutoka mijini na mashambani. Kwa hiyo, kulipanda gugumaji bwawani kwa ajili ya maua yake ni kosa lisilo na udhuru: mafuriko ya siku moja hulifikisha mtoni.

Njia iliyo bora ni kuyang'oa magugu kwa mikono na reki, sehemu kwa sehemu, na kubakiza kiasi kidogo ambamo vifaranga vya samaki hujificha. Wafanyao kazi hiyo hawana budi kuvaa mabuti na glavu, kwa hofu ya kichocho. Magugu yasiachwe ukingoni, maana mvua itairudisha rutuba yake. Yapelekwe mbali yakawe mboji. Kingo zichimbwe ziwe na kina, zioteshwe nyasi za kuzuia mmomonyoko, na samadi ipunguzwe.

Huenda ikasemwa kuwa kazi hiyo ni ya sulubu kuliko kunyunyiza dawa. Ni kweli, lakini kila tenga litolewalo huondoa rutuba bwawani na kuipeleka shambani, jambo ambalo sumu haiwezi kulifanya kamwe. Shule zenye mabwawa zaweza kulithibitisha hilo: wanafunzi wapime uzito wa magugu wayatoayo, wayaoze, na walinganishe mazao ya tuta lililopewa mboji hiyo na lile lisilopewa.