Bima ya Nyumba na Haki ya Mpangaji

Huko Ngamiani, Tanga, nyumba moja hukaliwa na familia kadhaa, kila moja ikiwa imelipa kodi ya chumba chake mapema. Moto ukizuka, nani atafidiwa? Tangu Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipoondoa ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa, mwenye nyumba huweza kuchagua kampuni. Hata hivyo, bima ya jengo hulinda kuta na paa. Kitanda na cherehani ya mpangaji havimo. Basi mwenye nyumba na akate bima, awaeleze wapangaji jambo hilo waziwazi, na nyumba ikiteketea awarudishie kodi ya miezi iliyosalia. Kodi iliyolipwa mapema ni amana, na amana hurudishwa.