Padeli: Upande wa kulia si wa wanyonge

Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya padeli hapa Nairobi kuna bishano moja ambalo halikosi. Wanne wamechanga pesa za saa moja, raketi ziko mkononi, dakika zinayoyoma, na bado wawili wanasukumana: nani anacheza kushoto? Kila mtu anataka kushoto. Anayeshindwa kubisha ndiye anatupwa kulia, na anaenda huku amenuna kama mtoto aliyeambiwa awe golikipa kwenye mechi ya mtaani.

Nakuandikia kwa sababu mimi pia nilikuwa mbishi wa kushoto, na ilinigharimu.

Kama hujawahi kuucheza, mchezo huu ni ndugu wa tenisi. Ulianzia Acapulco, Mexico, mwaka wa 1969, nyumbani kwa bwana mmoja aliyeitwa Enrique Corcuera. Uwanja una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na umezungukwa na kuta za kioo na waya. Mpira ukishadunda chini unaweza kugonga kioo na bado ukaurudisha. Mnacheza wawili kwa wawili, kwa hivyo upana mnagawana: mita tano zako, tano za mwenzako. Mwanzoni mwa seti mnaamua nani atapokea sevu upande upi, na uamuzi huo haubadiliki hadi seti iishe. Ukikosea kuchagua, utaumia nao muda mrefu.

Sasa, kwa nini kushoto kunang'ang'aniwa? Wengi wetu tunatumia mkono wa kulia. Ukisimama kushoto, mkono wenye raketi unakuwa katikati ya uwanja. Mipira ya katikati inakuja kwenye fohandi yako, na ule wa juu ukishuka hapo, wewe ndiye wa kupiga smashi watu washangilie. Hata pointi zenye presha nyingi huangukia huko. Hesabu mwenyewe: ikifika 30-40, sevu inapigwa kuelekea upande wa kushoto. Ndiyo maana watu wanakuona ni kiti cha bosi.

Lakini kuna kitu ambacho hao mabosi husahau. Wachezaji wa Uhispania na Argentina, nchi zinazotawala padeli, huita upande wa kulia "drive" na wa kushoto "revés". Hilo la pili maana yake ni bekihandi, pigo la mgongo wa mkono. Hawakulichagua ovyo. Mpinzani akipiga sevu iende kwenye kona ya kushoto, mpira unadunda, unagusa kioo cha pembeni na kukurudia upande wa bekihandi, chini chini, bila nafasi ya kupumua. Kama bekihandi yako ni ya kubahatisha, smashi yako tamu haitakusaidia kitu. Mpira wa kupigia hiyo smashi hautakufikia.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na smashi nzuri, au niliamini hivyo, na nikamsukuma rafiki yangu kulia miezi mitatu mizima. Siku moja tukakutana na wazee wawili wa makamo, matumbo mbele, hawakimbii. Wakaiona bekihandi yangu kwenye pointi ya pili tu. Kuanzia hapo kila sevu ikawa kwenye kona, kila mpira kwenye kona. Seti ikaisha 6-1. Nikaanza kumlaumu mwenzangu kwamba hanisaidii. Wiki iliyofuata alipata mtu mwingine wa kucheza naye, na hakunipigia simu.

Hapo ndipo tunapokosea, kijana mwenzangu. Tunachukua upande kama cheo, ilhali ni kazi. Cheo unakipigania. Kazi unauliza kwanza kama unaiweza.

Na kazi ya kulia si ndogo. Kila gemu huanza kwa sevu inayokuja kulia, kwa hivyo wewe ndiye unayetoa harufu ya gemu nzima. Kazi yako ni kuuweka mpira hai, kuwarusha wapinzani nyuma kwa mipira ya juu, na kupiga voli za chini ambazo hazimpi mtu zawadi. Mwenzako akikimbilia katikati kumalizia, wewe ndiye unayeziba pengo aliloacha. Usipokuwepo wewe, huyo bosi wa kushoto hana mpira wa kumalizia.

Kama huniamini mimi, watazame wanaocheza kwa pesa. Federico Chingotto wa Argentina si mrefu na si mtu wa mabavu. Anacheza kulia, mwenzake Alejandro Galán anacheza kushoto, na wawili hao ni kati ya jozi bora duniani. Kisha mwangalie Arturo Coello wa Uhispania, jamaa mrefu wa karibu mita 1.90 mwenye smashi ya kutisha. Yeye naye anacheza kulia, kwa sababu ni mashoto: akisimama huko, fohandi yake inaangalia katikati. Agustín Tapia yuko kushoto kwake na wa kulia wa mkono, kwa hivyo katikati pao pana fohandi mbili. Nani atathubutu kumwambia Coello kwamba amewekwa upande wa wanyonge?

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi, na hili nalisema wazi. Mkicheza wavulana na wasichana pamoja, msichana anapelekwa kulia kabla hajafungua begi. Hakuna anayemuuliza. Binamu yangu alicheza hivyo miezi minne. Siku moja kijana wa kushoto akachelewa kwenye jamu ya Thika Road, ikabidi binamu asimame kushoto. Kumbe ana bekihandi safi kutushinda sote, na zile sevu za kona zilizonizika mimi alizirudisha moja baada ya nyingine. Kijana alipofika, alisimama nje ya kioo akatazama hadi seti ikaisha. Fikiria miezi minne ile tulikuwa tunapoteza mechi na dawa tunayo.

Utaniambia, "Si ni mchezo tu wa wikendi, kwani kuna nini?" Sawa, ni wa wikendi. Lakini padeli haichezwi peke yako. Ukimweka mwenzako mahali pasipomfaa ili wewe upendeze, mtashindwa pamoja, na baadaye mtaachana kama nilivyoachwa mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hivyo wikendi hii fanya jaribio dogo. Cheza seti moja kushoto, seti moja kulia, sheria inawaruhusu kubadilishana seti inapoanza. Mtu aliye nje ahesabu mambo mawili tu: mipira mingapi ya kona umerudisha, na mipira mingapi umekosa kwa haraka zako. Ukiwa unarudisha za kona na huogopi kumalizia, nenda kushoto kwa haki yako. Ukiwa na subira na macho ya kuona nafasi, kulia kunakuita. Ukiwa mashoto na mwenzako ni wa mkono wa kulia, hata msibishane: wewe nenda kulia. Na kama mnakaribiana, mwenye bekihandi imara akae kushoto, hata kama mwenye smashi ananuna.

Mimi siku hizi nacheza kulia. Smashi napiga chache, lakini mechi tunazoshinda zimeongezeka. Yule rafiki niliyemsukuma miezi mitatu nimemwandikia ujumbe nikiomba tucheze tena, na nimemwambia kushoto ni kwake. Bado hajajibu. Wewe wa kwako usingoje afike huko, muulize leo anapenda kusimama wapi.