Viza ya China isomwe kabla ya kukata tiketi

Wafanyabiashara wa Kariakoo, na siku hizi hata wa mikoani, wamezoea kwenda Guangzhou kufuata pampu za umwagiliaji, mashine za kukoboa mpunga na vipuri. Wengi wao nauli huipata kwa kuuza mazao au kukopa kwenye vikundi. Inashangaza basi kwamba mtu anayebishana bei ya pampu mpaka jasho limtoke, hasomi viza iliyobandikwa kwenye pasi yake.

China ilibadili utaratibu wa viza mwaka 2013. Mnunuzi wa bidhaa sasa huomba daraja M, akiwa na barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni anayofanya nayo biashara au waandaaji wa maonyesho, kama yale ya Canton. Daraja F, ambalo zamani liliwahusu hata wafanyabiashara, limebaki kwa ziara zisizo za biashara. L ni ya utalii. Mwanafunzi hupewa X1 kwa masomo yanayozidi siku 180, na X2 kwa masomo mafupi.

Kazi ni Z, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumizwa. Wakala anayemwambia kijana aingie kwa L, kazi ataitafuta akishafika, anamdanganya. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Wakati huo wakala yuko nyumbani na ada yake mfukoni. Hata mwenye Z halali hana budi kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu alipoingia.

Kosa la wafanyabiashara ni la tarehe. Viza huonyesha siku ya mwisho ya kuingia China, na kando yake idadi ya siku za kukaa kila safari. Ni mambo mawili tofauti. Aliyepewa siku 30 akaingia mwanzoni mwa Aprili, aondoke mwanzoni mwa Mei, hata kama viza imeandikwa Juni. Kila siku inayozidi inaweza kumgharimu faini ya yuan 500, hadi kufikia 10,000. Siku 20 tu zinatosha kufika huko. Tena anayevuka kwenda Hong Kong kuangalia simu anahesabiwa ametoka China bara. Kama viza yake ni ya kuingia mara moja, imekwisha, na mzigo wake umebaki Guangzhou.

Wanaofikia kwa jamaa ili kuokoa fedha ya hoteli nao wajue kwamba wanatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24.

Vikundi vya kukopesha huomba dhamana kabla ya kutoa fedha. Kwa mkopo wa safari, viombe pia kuiona viza: daraja lake, idadi ya safari na siku za kukaa.