Jua la Juni na watu kumi

Mwandishi, hapo uliposema makutaniko madogo ya Kiyahudi hulegea wakati wa kiangazi kwa sababu watu wako likizo, umelisahau jua. Naishi Trondheim, Norwei, ambako sinagogi ni jengo lililokuwa stesheni ya treni na lilizinduliwa 1925. Mwishoni mwa Juni jua huku linazama kama saa tano na nusu usiku, na Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Na wewe ndugu uliyeuliza hapo juu kwa nini wasianze Sabato mapema: ruhusa ipo, lakini nayo inahesabiwa kwa urefu wa mchana, kwa hiyo huku haifiki kabla ya saa tatu usiku na ushei. Jirani yangu mmoja Myahudi alinikaribisha mezani kwake Ijumaa moja ya Juni. Mishumaa inawashwa, nje bado kweupe kabisa, mkate wa kusuka umefunikwa kitambaa, mdogo wake wa mwisho ameshalala kochini na viatu vyake. Mama mtu hakumwamsha, alimbariki hivyo hivyo usingizini.

Likizo nayo ina upande wake jamani. Sala kamili inataka Wayahudi watu wazima kumi, na kwa wanaoshika desturi ya zamani, wanaume kumi. Wenyeji wakisafiri Julai, mara nyingi ni mgeni mtalii anayekamilisha hesabu. Ukiandika tena, tafadhali waulize wale wanaobaki mjini kufungua mlango.