Usukani wa gemu: Maswali manne ya kujibu kabla hujatoa hela

Basi linalotoka stendi ya Nyegezi kwenda Shinyanga, Dar es Salaam, Geita au Bukoba lazima lipite Buhongwa. Kwa vijana waliokulia kando ya barabara hiyo, mabasi ni ushabiki kama Simba na Yanga.

Ushabiki huo umehamia kwenye simu. Gemu ya Bus Simulator Indonesia, iliyotoka 2017, inamruhusu mchezaji kubadilisha rangi za basi, na mitandaoni zimejaa rangi za mabasi ya Bongo. Inatukaa vizuri pia kwa sababu Indonesia, kama sisi, wanaendesha kushoto na usukani uko kulia.

Ukishazoea kugusa kioo, tamaa inayofuata ni usukani wenyewe, na pedeli zake. Hapo ndipo hela zinapotea. Anza na maswali haya.

1. Unauchomeka wapi?

Hili ndilo swali kubwa. Usukani mwingi unaouzwa ni wa kompyuta au wa mashine ya gemu, siyo wa simu. Hata kwenye mashine, kila mmoja una upande wake. Logitech G29 unakubali PlayStation na kompyuta; ndugu yake G920 unakubali Xbox na kompyuta. Kwa macho vinafanana sana, lakini ukikosea hapo umenunua pambo.

Angalia na gemu yenyewe. Gran Turismo 7 inachezwa PS4 na PS5 na inakubali usukani. EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina Safari Rally ya Kenya ndani yake, haichezwi PS4. Ukitaka Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori inayopendwa sana na wapenzi wa usukani, basi panga kuwa na kompyuta.

2. Unazunguka kiasi gani?

Usukani wa bei ya chini mara nyingi unazunguka nyuzi 180 au 270 tu. Huo ni sawa na pedi yenye umbo la duara: ukigusa kidogo, gari limehama njia. G29 unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, karibu na gari la kawaida.

Pia uliza kama una mota ndani. Mota ndiyo inayokupa uzito mkononi, inarudisha usukani katikati baada ya kona na kukuambia tairi zinaanza kuteleza. Bila mota, unaendesha kwa macho tu.

Ukinunua wa mtumba, usikubali kuuona kwenye picha. Uchomeke. G29 ukipata umeme unajizungusha wenyewe kushoto na kulia kujipima. Ukikaa kimya, au adapta yake haipo, acha.

3. Utaufunga wapi?

Usukani wenye mota unavuta. Meza nyepesi ya plastiki itacheza nao. Tafuta meza nzito ya mbao, kaza vibanio, na pedeli zisukume mpaka ukutani, la sivyo ukikanyaga breki zinakimbia sakafuni.

Siku za mwanzo achana na magari ya mashindano. Kwenye gemu ya malori, weka nyuzi 900, mota nguvu ya kati, gia za kujibadilisha zenyewe. Anzia Uingereza na chagua lori lenye usukani kulia, maana huko nako wanapita kushoto. Klachi na gia za mkono zitakuja baadaye. Usikimbilie spidi, kwanza ujue kupiga kona bila kupanda ukingo na kurudi nyuma kwa vioo.

4. Unatafuta nini hasa?

Kama ni burudani, endelea. Kama ni biashara ya kibanda cha gemu, piga hesabu: gemu ya mpira inaweka wateja wawili kwenye skrini moja, usukani unaweka mmoja. Lazima bei ya dakika iwe tofauti, na pedeli zitakanyagwa na kila mtu kutwa nzima.

Kama ndoto ni kuwa suka wa ukweli, hapa tuambiane. Yupo Mwingereza Jann Mardenborough, aliyeshinda mashindano ya Gran Turismo mwaka 2011 na kuishia kukimbia Le Mans. Lakini hakutoka kwenye kochi kwenda njiani. Alipitishwa kwanza kwenye mafunzo ya magari halisi.

Gemu inafundisha mikono na macho: kuangalia mbali, kutumia vioo, kufunga breki mapema. Haifundishi uzito wa basi lililojaa, utelezi wa mvua ya kwanza, wala bodaboda anayekatiza ghafla. Kwenye gemu ukigonga unaanza upya. Barabarani basi lina mwisho wa kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, kwa sababu hakuna kuanza upya.

Leseni nayo haitoki kwenye skrini. Daraja C, la mabasi ya abiria 30 na zaidi, linafikiwa kwa mafunzo na uzoefu wa barabarani.

Kwa hiyo mwenye hela ya kitu kimoja tu na anayetaka kazi ya udereva, aende chuo cha udereva kwanza. Usukani wa gemu utamsubiri dukani. Anayetaka burudani naye asikimbilie dukani: ajue kwanza mashine yake, ajue gemu yake, kisha ndiyo achague usukani.