Shahada ya Kiingereza katika chuo cha kijeshi ina bei gani?

Wazazi wengi huwauliza wana wao wanaosomea lugha katika vyuo vikuu: shahada hiyo itakulisha? Sisi wahadhiri aghalabu hujibu kwa kukwepa; hutaja utu, utamaduni na mengine yasiyolipa kodi ya nyumba. Ningependa kulipima swali hilo mahali ambapo hesabu yake iko wazi kuliko kwetu, nako ni katika Chuo cha Kijeshi cha Marekani kilichoko West Point, jimbo la New York, kilichoanzishwa mwaka wa 1802. Huko kadeti anaweza kuchagua Kiingereza kuwa somo lake kuu.

Kadeti halipi karo, chakula wala malazi. Isitoshe, hupewa posho kila mwezi. Deni lake ni la miaka. Akihitimu, sharti alitumikie jeshi kwa miaka mitano, kisha miaka mitatu katika kikosi cha akiba. Akiacha baada ya kuanza mwaka wa tatu wa masomo, huenda akalazimishwa kutumikia kama askari wa kawaida au kurudisha gharama ya elimu yake. Mwanafunzi wetu hulipa mkopo wa HELB kwa shilingi. Huyu hulipa kwa ujana wake, na vita vikizuka, pengine kwa uhai. Wanaosema kwamba elimu hiyo ni ya bure hawajapiga hesabu sawasawa.

Deni hilo, hata hivyo, ni moja kwa wote. Aliyesomea Kiingereza na aliyesomea uhandisi huhitimu wote na shahada ya sayansi (ndiyo, hata aliyezama katika ushairi, maana hisabati, fizikia na uhandisi hazimwepuki mtu huko). Wote huwa luteni wa pili, na wote huanza na mshahara ule ule. Soko la ajira, ambalo kwetu humtisha kijana akakimbilia kozi asiyoipenda, huko limezimwa kwa miaka mitano.

Baada ya hapo tofauti hujitokeza. Mhandisi akivua magwanda ana taaluma ambayo waajiri huitambua kwa jina. Mwenye Kiingereza hana budi kujieleza. Sitalificha hilo. Uzoefu wa kuongoza watu anao, lakini mwenzake anao pia. Kwa hivyo tukiuliza shahada yenyewe imeongeza fedha ngapi, jibu la haki ni kwamba mwanzoni haiongezi senti wala haipunguzi.

Thamani yake basi i wapi? Kwa maoni yangu, imo katika kazi yenyewe ya uafisa, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha: amri, ripoti, tathmini za askari, barua kwa mzazi aliyefiwa. Huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854, jemadari wa Uingereza, Lord Raglan, aliagiza kwa maandishi askari wapanda farasi wasonge mbele wamzuie adui asichukue mizinga. Mizinga ipi? Raglan, aliyekuwa kilimani, aliiona ile iliyotekwa. Lord Lucan, aliyekuwa bondeni, hakuiona hiyo. Mizinga iliyofikiriwa ikawa ya Warusi, mwishoni mwa bonde. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaelekea huko, na zaidi ya 100 wakafa. Wanaisimu tunaliita tatizo hilo la urejeleo. Hata "ile" yetu ya Kiswahili isingewaokoa, maana kila mtu ana "ile" yake kulingana na mahali aliposimama.

Wapo watakaodai kwamba hayo si fedha. Nawataja basi Ulysses Grant, aliyehitimu West Point mwaka wa 1843 na baadaye akawa Rais wa Marekani. Mwaka wa 1884 kampuni ya fedha aliyoshiriki ilianguka, ikamwacha mkata. Kisha akapatikana na saratani ya koo. Aliandika kumbukumbu zake huku akifa, akazikamilisha siku chache kabla ya kufariki Julai 1885. Kampuni ya Mark Twain ilizichapisha, na mjane wake akapata zaidi ya dola 400,000. Mbishi ataniambia kwamba Grant hakusomea Kiingereza, na kwamba chuo cha wakati wake kilikuwa cha hisabati na uhandisi. Ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba muda wake mwingi chuoni aliutumia kusoma riwaya za maktaba.

Hapa kwetu hakuna aliyetuzimia soko. Mhitimu wa lugha hungoja barua ya TSC kwa miaka mingi, kwa kuwa hatukumwonyesha kazi nyingine. Ilhali kila siku Wakenya hufikishana mahakamani kwa ajili ya mikataba ya ardhi na hati za bima ambazo mwandishi wake hakuulizwa na mtu, kabla ya sahihi kutiwa, anakusudia shamba lipi.